Dativa Hakutaka Pengo

Watu wa kwetu wakisimulia habari za watumishi wa nyumbani hupenda kuanza na machozi. Mtumishi alilia, akaonewa huruma, akapewa nguo kuukuu, akashukuru. Habari ya Dativa haiendi hivyo, na anayetaka machozi ayatafute kwingine. Nilikaa naye nyumba moja miaka miwili na sikumwona akilia hata siku moja. Nilimwona amekasirika mara nyingi, na mara moja alinikasirikia mimi. Hadi leo nasema alikuwa na haki.

Alikuja kwetu Sib, Maskati, mwezi wa Novemba mwaka 2003, akitokea Muleba, upande wa Bukoba. Alikuwa na miaka ishirini na nne. Kabla ya hapo alifundisha watoto wa chekechea kwenye shule ya masista, na ualimu haukumtoka. Hata akikuomba umpishe apige deki, alikuomba kwa sauti ya mtu mwenye chaki mkononi. Mama yangu, Bi Shaikha, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Omani akiwa msichana, alimpenda kwa sababu moja tu: walielewana lugha. Watumishi waliomtangulia Mama alizungumza nao kwa vidole. "Huyu angalau tutasikilizana," alisema. Wakasikilizana kweli, na siku nyingine kupita kiasi.

Mwaka uliofuata binamu yangu Balqees alirudi kutoka Uskochi, alikosomea uhandisi. Wengine hurudi na shahada na mabegi ya nguo. Balqees alirudi pia na kanda tatu za fidla na akodiani, na ngoma ya mashamba kichwani mwake. Alituambia kwamba kule watu wa vijijini huicheza tangu enzi za bibi zao, na vijana wa chuo kikuu wanaicheza hadi leo, wanatoka jasho, wanacheka, hawaoni haya. Kwetu sisi wasichana wa Sib, tuliozoea kuambiwa kwamba ngoma ni mambo ya kizamani ya huko Unguja na si ya watu wa heshima, habari hiyo ilitukaa moyoni. Tukaamua tutaicheza.

Kila Alhamisi baada ya alasiri tulikunja mazulia ya majlis yetu, sebule kubwa ya wageni, tukavuta mapazia, tukafunga mlango. Tulikuwa wanane, wanawake watupu. Ngoma ile inataka mistari miwili inayotazamana, wanaume huku na wanawake huku, basi wanne wetu walijifunga kanga begani wakawa ndio wanaume. Jozi iliyo juu ya mstari huanza. Wanashikana mikono wanazungukana, kisha mmoja anamwendea mtu wa kwanza wa mstari wa pili, anamzungusha, anarudi kwa mwenzake, wanazungukana, anamwendea wa pili, anarudi, na hivyo hivyo mpaka chini. Wakifika chini wanabaki hukohuko, na jozi inayofuata inakuwa juu. Ngoma haiishi mpaka kila mtu ashikane mkono na kila mtu. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe, na Balqees alisema haina siri nyingine.

Siri tuliiongeza sisi kwa adabu zetu. Kwanza, hakuna aliyekubali kusimama juu ya aliyemzidi umri. "Tangulia weye." "Hasha, tangulia weye, dada." Fidla inalia na sisi bado tunapishana mlangoni pa ngoma. Pili, mdogo wangu Khawla, aliyekuwa jozi yangu, kila akipewa mkono na mtu aliyemzidi miaka miwili mitatu, aliubusu. Ndivyo alivyolelewa: mkono wa mkubwa haupiti bila kubusiwa. Basi anashika, anainama, anabusu, wenzake washafika chini. Balqees alikuwa karibu kung'oa nywele. "Khawla, wallahi, huu si mkono wa bibi yako, huu ni mkono wa ngoma!"

Mwezi wa pili wa mwaka 2005 Khawla akaposwa, na Mama akasema bi harusi mtarajiwa haruki-ruki. Tukabaki saba. Mtu mmoja akikosekana ngoma ile haiendi, maana jozi moja inakuwa kiguru. Tulikuwa tumekaa chini tunanung'unika, na Dativa akaingia na sinia la chai. Akaliweka. Akatutazama kama tulivyo.

"Mimi naijua," akasema.

"Umeijulia wapi?" nikamwuliza.

"Mlango una tundu la ufunguo, dada Kidawa. Miezi minne napiga pasi hapo nje. Nyie mnakosea pale pa kurudi kwa mwenzako. Mnarudi kwa mkono uleule mliotoka nao, ndiyo maana mnagongana."

Balqees akawasha redio. Dativa akavua ndara, akasimama mbele yangu kwenye nafasi ya Khawla, na kanda ikaanza. Alikuwa mwepesi, mkono wake una nguvu za mtu anayekamua mashuka, na hakumbusu mtu wala hakumpisha mtu. Alihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, geuka! Mkono mwingine, Balqees!" na binamu yangu mhandisi akageuka. Siku ile, kwa mara ya kwanza, ngoma ilifika mwisho bila kukatika. Tulipiga kelele hata jirani akapiga simu kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo Dativa alikuwa jozi yangu. Siku sita za wiki alikuwa akiniletea chai, na Alhamisi alikuwa akinizungusha mpaka kizunguzungu. Alibadilika usoni. Mtu akifundisha watoto arobaini na baadaye akawa anaambiwa tu "lete" na "ondoa", kuna kitu kinamlala ndani, na Alhamisi kitu hicho kiliamka. Aliniambia mwenyewe: "Hapa ndani ya mstari ndipo mahali pekee Maskati watu wananipa mkono." Nilicheka, nikidhani ni mzaha wake.

Sasa nije kwa Mama. Alhamisi moja ya mwezi wa tano aliingia kututazama. Alikaa, akapiga makofi, mguu wake ukaanza kwenda wenyewe. Mtu wa Unguja ni mtu wa Unguja. Mwenzetu mmoja akamkokota, akampa nafasi yake, na Mama akacheza! Alicheka kama msichana, mtandio umemwanguka. Zikapita jozi mbili. Ikaja zamu ya jozi ya juu, yaani mimi na Dativa. Dativa akateremka mstari, akamzungusha wa kwanza, akarudi kwangu, akamzungusha wa pili, akarudi kwangu, akafika kwa Mama, akanyoosha mkono.

Mama akautazama ule mkono. Kisha akaurudisha wake nyuma, akaupangusa kwenye dishidasha, ile kanzu yake ya nyumbani, kama aliyeshika unyevu. "Basi, nnachoka," akasema, akatoka.

Fidla iliendelea kulia. Dativa alibaki na mkono wake hewani muda wa hatua mbili, akaushusha, akarudi kwangu, akamaliza ngoma mpaka chini bila kukosea hata hatua moja. Mimi nilikosea mbili.

Usiku huo Mama aliniita chumbani kwake. "Mwanangu, mie sina ubaya na Dativa. Anapika vizuri, hana wizi. Lakini mtumishi ni mtumishi, shaghala ni shaghala. Humo ndani mnafanya mnavyofanya, sawa. Harusini kwa mdogo wako, mtakapocheza, watu watatazama. Mama mkwe wake Khawla ni mtu wa Nizwa. Atakwenda kusema Wazanzibari wanacheza mikono kwa mikono na watumishi wao. Nafasi yake mpeni Wadha, yule binti wa jirani."

Nilimkumbusha Mama kwamba yeye mwenyewe, alipoanza kazi wizarani, alitengwa mezani na wenzake waliomwita Mzanzibari asiyejua Kiarabu, na kwamba hadithi hiyo ametusimulia kila Ramadhani kwa uchungu. Kuna methali ya nyani hapa, lakini yeye ni mama yangu, basi naiacha. Akanijibu, "Hewala si utumwa, Kidawa. Itika, mambo yapite." Nikaitika. Ndiyo, mimi ninayesimulia kwa ukali huu, niliitika.

Lakini nilikuwa na hila yangu. Wadha tulimkataa, tukamwambia Mama hawezi, na kweli hakuweza. Nikawaambia wenzangu: tutacheza saba. Nafasi ya Dativa tutaiacha wazi, na kila hatua inayomhusu tutaicheza kana kwamba yupo. Watu waone pengo. Waulize. Balqees akasema hilo ni jambo la ushujaa. Nikajiona shujaa wiki nzima.

Harusi ilikuwa mwezi wa Julai, ukumbi wa wanawake hapo hapo Sib, baada ya magharibi. Udi umefuka, halwa imepangwa, Khawla amekaa juu ya kosha, jukwaa la bi harusi, amelemewa na dhahabu. Dativa alikuwapo. Mama alimvalisha gauni la buluu lililofanana na la watumishi wengine wanne, akampa dele la kahawa na vikombe.

Redio ikalia, tukajipanga, wanne huku, watatu kule. Zamu yangu ilipofika nilisimama juu ya mstari peke yangu. Nikanyoosha mikono yangu mbele, nikazunguka na hewa. Nikaenda kwa wa kwanza, nikamzungusha, nikarudi katikati, nikazunguka na hewa. Jozi nyingine zilipopita mahali pake ziliinyooshea mikono nafasi tupu, na zikasubiri mapigo manne ya mtu asiyekuwapo. Nilimwona Mama amekunja uso, nikafurahi. Nilisema moyoni, hapo sasa, mmepata. Tulipomaliza watu walipiga vigelegele. Mwanamke mmoja wa Nizwa aliniambia ni mtindo mzuri, je, ndivyo wanavyocheza Ulaya?

Nikakimbilia jikoni mwa ukumbi, nimejaa fahari. Dativa alikuwa anasuuza vikombe. Nilitaraji atanikumbatia.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona."

"Ile ilikuwa nafasi yako."

Akaweka kikombe juu ya kingine, taratibu. "Dada Kidawa, anayeachiwa nafasi tupu ni mtu aliyekufa. Mimi nilikuwa nimesimama pale karibu na nguzo, hatua kumi kutoka kwako. Dele mkononi. Ulizunguka na hewa mara nne, na kila mara uso wako ulielekea kwangu. Kwa nini hukuniita?"

Nikasema, "Mama..."

"Mama alikukataza usinipe nafasi. Alikukataza usiniite jina?" Alikuwa hapigi kelele. Ningependa angepiga. "Mlifanya ngoma nzuri, watu wamesifu. Mimi sikutaka sifa. Nilitaka kucheza. Sasa nipishe, wageni wanataka kahawa."

Nilisimama pale kati ya masufuria, na lile vazi langu la hariri lililoshonwa Dubai. Niliona aibu, na nikamkasirikia kwa kuniletea aibu, na baadaye nikajikasirikia mwenyewe. Hasira hiyo ya tatu ndiyo iliyobaki.

Alhamisi iliyofuata tulikunja mazulia kama kawaida. Nikamwendea Dativa jikoni. "Njoo, tunakusubiri."

"Kazi hiyo haimo kwenye mkataba," akasema, akaendelea kukata vitunguu.

Nikamwendea Alhamisi ya pili, na ya tatu. Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa heshima, kwa neno lile lile. Balqees alijaribu kumpa zawadi ya viatu. Alivirudisha ndani ya boksi lake. Hatukupata mtu wa nane. Wadha alijaribu tena akamkanyaga kila mtu. Mwezi wa Septemba tulikuwa hatukunji tena zulia. Mama alisema bora, kelele zimepungua.

Ijumaa moja dereva aliugua, nikaenda mwenyewe kumchukua Dativa baada ya misa, ambayo kwetu husaliwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Hakuwa kanisani. Wenzake walinielekeza Wadi Kabir, kwa Conjesta, msusi kutoka kwao Bukoba aliyekuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya magereji. Niliegesha gari kati ya injini zilizofunguliwa. Kabla sijafika mlangoni nilisikia dumu la plastiki linapigwa, na sauti ya mtu mwenye chaki mkononi: "Moja, mbili, geuka! Mkono mwingine!"

Mlango ulikuwa wazi. Wanawake kumi na wawili, wengi watumishi kama yeye, wamejipanga mistari miwili kutoka chumbani hadi uani, na hawakuwa na fidla, walikuwa wanaimba Kihaya juu ya ngoma ya Waskochi, na ngoma ilikubali. Mmoja alikuwa na mguu mbovu. Walipomfikia walimzunguka yeye badala ya kumzungusha. Hakuna aliyeachwa. Sisi wenye majlis na redio na mapazia tulikuwa tumebaki saba.

Nilingoja kwenye gari mpaka amalize. Njiani nikamwambia, "Mnacheza vizuri."

"Tunacheza," akasema, akatazama dirishani mpaka Sib.

Mkataba wake uliisha mwezi wa Novemba. Mama alimwomba aongeze miaka miwili, akaahidi kumpa chumba kikubwa zaidi. Dativa akakataa. Tikiti yake ilikuwa ya wiki ileile ya Iddi. Nilijua kwamba akiondoka hivi, nitabaki na ile hewa mikononi mwangu maisha yangu yote, na hakuna ushujaa wa kuchezea pengo utakaoniondolea.

Iddi pili nyumba ilijaa wageni. Walikuwapo Khaloo Mastura, dada yake Mama, na Bi Sayyida wa nyumba ya pili, na mama mkwe wa Khawla, yule wa Nizwa, amekaa mahali pa heshima. Khawla alikuja, na Balqees, na wenzetu watatu. Wawili walikuwa safarini. Kahawa imeshapita mara mbili. Mama alikuwa anasimulia bei ya nyama.

Nikasimama. Nikaanza kukunja zulia, na wageni wakainua miguu yao kwa mshangao. Balqees akaelewa, akashika ncha ya pili.

"Kidawa, una nini?" Mama akauliza.

"Nnacheza, Mama." Nikageukia mlango wa jikoni, nikaita: "Dativa! Njoo tucheze!"

Chumba kizima kikasikia. Kutoka jikoni ikaja sauti yake: "Sijasikia."

Alikuwa amesikia. Dereva nje kwenye gari alikuwa amesikia.

"Kidawa," Mama akasema kwa sauti ya chini, "wageni hawa."

"Ndiyo, Mama. Mbele yao." Na nikaita tena, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kuitoa ndani ya nyumba ile, jina lake na jina la baba yake: "Dativa binti Rwegoshora! Nafasi yako hii hapa mbele yangu, na mimi nakuita uje uicheze!"

Akatokea mlangoni anajifuta mikono na aproni. Akanitazama, akamtazama Mama, akamtazama yule bibi wa Nizwa, kila mmoja kwa zamu. Akaivua aproni, akaitundika kwenye kitasa. Akavua ndara.

Balqees akatia kanda. Tukajipanga, tukahesabu, tulikuwa saba. Khaloo Mastura akashusha kikombe chake. "Mie magoti yangu mabovu," akasema, "lakini siwezi kuona mstari una kiguru." Akainuka, akajifunga kanga begani. Mama hakuinuka. Alikaa wima na tasbihi yake, anatutazama, na sikumwomba ruhusa wala radhi.

Fidla ikaanza. Dativa akasimama mbele yangu, juu kabisa ya mstari, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Umechelewa miezi minne," akasema. Kisha akanishika, akanivuta, akahesabu moja.